Maisha nje ya darasa katika shule za umma: Kutoka ukumbi wa midahalo Tabora hadi viwanja vya UMISSETA

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne na Kidato cha Sita, wananchi hutafuta kwanza jina la shule, kisha daraja alilopata mtoto. Daraja hueleza kile ambacho mwanafunzi alikiandika katika chumba cha mtihani. Halielezi iwapo anaweza kusimama mbele ya wenzake akatetea hoja, kuongoza bweni bila kuonea mtu, kushindwa mchezo bila ugomvi, au kutunza fedha za klabu na kuzitolea hesabu. Stadi hizo hujengwa katika shule hiyo hiyo, lakini kwa sehemu kubwa nje ya vipindi vya darasani.

Makala haya yanaeleza chimbuko la shughuli za nje ya darasa katika shule za sekondari za umma nchini, namna zinavyoendeshwa, nani anazisimamia na mzazi ana nafasi gani. Mfano mkuu ni Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, kwa kuwa historia yake inaonesha wazi kuliko nyingi kwamba mambo yanayofanyika baada ya kengele ya mwisho yanaweza kuwa na uzito mkubwa kwa taifa.

Chimbuko la Shule ya Tabora

Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora ipo katika Manispaa ya Tabora, mji wa Unyanyembe uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya biashara kabla ya Reli ya Kati kufika hapo mwaka 1912. Shule ilianzishwa na Serikali ya kikoloni ya Uingereza katika miaka ya 1920. Wakati huo utawala wa Tanganyika, hasa chini ya Gavana Donald Cameron aliyewasili mwaka 1925, ulikuwa ukijenga mfumo wa kuwatawala wananchi kupitia watemi na machifu wao. Mfumo huo ulihitaji machifu wanaojua kusoma, kuandika na kutunza kumbukumbu za mahakama na kodi. Tabora ikawa mahali pa kuwaandaa watoto wa watawala hao.

Kwa sababu hiyo, maisha ya bweni, viranja, gwaride na michezo havikuwa mapambo ya shule. Vilikuwa sehemu ya njia yenyewe ya kufundisha, iliyochukuliwa kutoka shule za bweni za Uingereza. Kijana aliyepewa ukiranja alijifunza kuamuru na kutii kwa wakati mmoja, na kijana aliyecheza katika timu alijifunza kuwa chini ya nahodha. Waanzilishi wa mfumo huo walitarajia kupata watawala wa chini waliokwisha kuzoea utaratibu wa Serikali.

Hata hivyo, milango ya shule haikubaki wazi kwa watoto wa machifu pekee. Vijana waliofaulu vizuri katika mitihani ya shule za chini walianza kuingia kwa uwezo wao, na Tabora ikawa miongoni mwa shule chache ambazo Mtanganyika angeweza kupata elimu ya sekondari ya Serikali. Miongoni mwa waliopita hapo ni Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa Waziri katika Serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, na Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeigiza katika filamu za mwanzo za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaongoza vyama vya wafanyakazi na hatimaye kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962.

Mwanafunzi asiyependa michezo

Mwanafunzi anayetajwa zaidi katika historia ya shule hiyo ni Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na kwa ufaulu wake katika mtihani wa mwaka 1936 akapata nafasi ya kwenda Tabora mwaka 1937. Alikaa hapo hadi alipomaliza na kuelekea Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943.

Maisha yake ya Tabora yanafundisha jambo muhimu kuhusu shughuli za nje ya darasa: hazimfai kila mtu kwa namna moja. Nyerere hakuwa mpenzi wa michezo ya uwanjani. Muda ambao wenzake waliutumia kukimbiza mpira, yeye aliutumia kusoma vitabu vya maktaba ya shule, na kwa njia hiyo akaimarisha Kiingereza chake kwa kiwango kilichomwezesha baadaye kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari, iliyochapishwa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Baada ya kusoma kitabu cha mwanzilishi wa skauti, alisaidia kuunda kikosi cha skauti shuleni. Zaidi ya yote, alikuwa mshiriki mkubwa wa chama cha midahalo.

Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule alilikataa pendekezo hilo kwa maelezo kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa cheo hicho. Uamuzi huo unaonesha kilichotarajiwa kwa kiongozi wa wanafunzi wa wakati ule: ukali kwanza, hoja baadaye. Kijana aliyeonekana hafai kuongoza mabweni ya Tabora ndiye aliyekuja kuongoza chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, TANU, na kisha nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Mdahalo uliomfungia mlango

Baada ya kuhitimu Makerere, Nyerere alirudi Tabora kama mwalimu. Shule ya Serikali aliyosoma na shule ya misheni ya Mtakatifu Maria zote zilimtaka, naye akachagua Mtakatifu Maria, alikofundisha hadi alipokwenda kusoma Edinburgh, Scotland, mwaka 1949.

Katika kipindi hicho alialikwa kwenye mdahalo wa hadhara dhidi ya walimu wawili wa shule ya Serikali. Hoja iliyowekwa mezani ilidai kwamba, tangu bara la Afrika ligawanywe na mataifa ya Ulaya, Mwafrika amenufaika kuliko Mzungu. Nyerere alisimama upande wa kupinga, na upande wake ukashinda. Baada ya ushindi huo alizuiwa kukanyaga tena katika shule hiyo.

Tukio hilo halina maana kwamba mdahalo mmoja ulileta uhuru. Uhuru ulitokana na kazi ya maelfu ya watu katika vyama vya wafanyakazi, ushirika, matawi ya TANU na vijiji. Lakini linaonesha tabia ya mdahalo kama chombo cha elimu. Shule inapokubali kuweka hoja hadharani, inakubali pia uwezekano wa kushinda kwa upande usioutarajia. Mdahalo ambao mshindi wake anajulikana kabla ya kuanza ni maonesho tu. Mwezi Machi 1955, Nyerere alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York akidai mustakabali wa Tanganyika, alikuwa akiitumia stadi aliyoanza kuijenga akiwa mwanafunzi.

Baada ya uhuru: jembe, ngoma na darasa

Serikali huru ilirithi shule zilizowatenga vijana na jamii walikotoka. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliokosoa elimu inayomfundisha kijana kujiona bora kuliko mkulima aliyemsomesha. Waraka huo uliitaka kila shule iwe pia jumuiya inayozalisha: iwe na shamba, mifugo au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, kuifanya na kuamua matumizi ya mapato yake.

Kwa hatua hiyo, shughuli za nje ya darasa zilipata maana mpya. Shamba la shule lilipaswa kuwa darasa la hesabu, biolojia na demokrasia kwa pamoja. Ngoma na kwaya, ambazo katika shule nyingi za kikoloni zilitazamwa kwa dharau, zilirudi shuleni kama urithi wa taifa. Halaiki za wanafunzi zikawa sehemu inayotarajiwa ya sherehe za kitaifa na mbio za Mwenge wa Uhuru.

Utekelezaji haukuwa sawa kila mahali. Palipokuwa na walimu waliolielewa lengo, wanafunzi walijifunza kupanga na kuhesabu. Kwingine shamba liligeuka kuwa kazi ya adhabu, na mwanafunzi akajifunza kulichukia jembe badala ya kuliheshimu. Funzo lililobaki ni kwamba shughuli yoyote ya nje ya darasa, iwe nzuri kiasi gani katika waraka, hutegemea namna mwalimu anavyoiendesha na iwapo mwanafunzi ana sauti ndani yake.

Michezo: kutoka uwanja wa shule hadi taifa

Shughuli inayofahamika zaidi kwa wananchi ni michezo ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari yanayokwenda sambamba na UMITASHUMTA ya shule za msingi. Mashindano haya huanzia ndani ya shule, ambako mabweni au madarasa hushindana, kisha hupanda ngazi hadi wilaya, mkoa na taifa. Katika kila ngazi walimu wa michezo huchagua wachezaji bora na kuunda timu ya pamoja, hivyo vijana waliokuwa wapinzani wiki iliyopita hulazimika kucheza upande mmoja.

Michezo inayoshindaniwa ni pamoja na mpira wa miguu, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na riadha. Ngoma na kwaya nazo huwa na nafasi yake. Manispaa ya Tabora imekuwa miongoni mwa wenyeji wa fainali za kitaifa katika miaka ya karibuni. Shule zinazofanya vizuri zinaweza kuiwakilisha nchi katika mashindano ya shule za sekondari ya Afrika Mashariki yanayosimamiwa na shirikisho la FEASSSA.

Si wakati wote michezo imekuwa na hadhi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa, hoja ikiwa kwamba yanawatoa wanafunzi katika masomo. Baadaye yalirejeshwa. Kipindi hicho kiliacha athari ambazo wadau wa michezo wamezitaja mara kwa mara: shule zilipoteza mazoea ya kutunza viwanja, walimu wenye ujuzi wa michezo hawakupata warithi, na vijana wenye vipaji walikosa jukwaa la kuonekana.

Hoja ya kwamba michezo hupunguza muda wa kusoma haipaswi kupuuzwa, kwani ina ukweli pale mazoezi yanapopangwa ovyo, safari zinapokuwa ndefu, au mwanafunzi anapokosa wiki kadhaa za vipindi bila mpango wa kufidia. Dawa yake ni ratiba. Shule inayojua mapema tarehe za mashindano inaweza kupanga majaribio yake kabla au baada, na kumpa mwanamichezo mwalimu wa kumfuatilia katika masomo aliyoyakosa.

Midahalo na klabu

Mdahalo wa shule huendeshwa na wanafunzi wenyewe chini ya mwalimu mlezi. Huwa na mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na wasemaji wakuu wa pande mbili, yaani wanaounga mkono hoja na wanaoipinga. Wasemaji wakuu wakimaliza, wasikilizaji huruhusiwa kuchangia, kisha kura hupigwa au waamuzi hutoa alama. Katika shule nyingi mdahalo hufanyika kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia sekondari, na hivyo huwa mahali pekee ambapo mwanafunzi hulazimika kuitumia lugha hiyo kufikiri na kujibu papo hapo, badala ya kunakili ubaoni.

Hapo ndipo penye faida na hatari pia. Kwa mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, jukwaa la Kiingereza linaweza kumfanya anyamaze mwaka mzima. Njia inayofaa ni kuwa na midahalo ya lugha zote mbili: wa Kiswahili unaomfundisha kujenga hoja, na wa Kiingereza unaomfundisha kuihamishia hoja hiyo katika lugha ya mtihani. Mwanafunzi anayejua kupanga hoja kwa lugha moja ana nusu ya safari tayari.

Mbali na midahalo, shule za umma huwa na klabu mbalimbali. Zinazopatikana zaidi ni hizi:

Klabu za wapinga rushwa, zinazolelewa na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), taasisi inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007. Aidha, upo mpango wa TAKUSKA unaowaunganisha TAKUKURU na Chama cha Skauti katika kuwafundisha vijana uadilifu.

Klabu za Malihai, zinazowakutanisha wanafunzi na masuala ya wanyamapori na misitu, pamoja na vikundi vya Roots & Shoots. Mtandao huo wa Roots & Shoots, ambao sasa umeenea katika nchi nyingi, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wakati wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana nyumbani kwa Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu wa Gombe, Kigoma, kuzungumzia matatizo ya mazingira waliyoyaona katika maeneo yao.

Klabu za Fema, zinazotokana na gazeti la vijana la Fema lililoanza mwaka 1999, ambazo hujadili afya, ujasiriamali na stadi za maisha.

Klabu za sayansi, ambazo huandaa kazi za utafiti za wanafunzi kwa ajili ya maonesho kama yale ya Young Scientists Tanzania.

Skauti na Girl Guides, kwaya, vikundi vya maigizo na ngoma, pamoja na umoja wa wanafunzi wa dini mbalimbali.

Klabu iliyo hai hutambulika kwa kazi yake. Huwa na daftari la mahudhurio, viongozi waliochaguliwa na wanachama, na kazi moja inayoonekana kila muhula: miche iliyopandwa na ikamwagiliwa, igizo lililooneshwa kijijini, gazeti la ukutani lililoandikwa upya. Klabu iliyobaki jina kwenye ubao wa matangazo hufufuliwa siku ya ugeni tu.

Uongozi wa wanafunzi

Kila shule ya sekondari huwa na serikali ya wanafunzi inayoongozwa na kiranja mkuu na viranja wa taaluma, usafi, michezo, chakula, bweni na nidhamu. Utaratibu wa kuwapata hutofautiana. Kwa kawaida wanafunzi wanaotaka uongozi hujaza fomu, walimu hufanya mchujo, wagombea hujieleza mbele ya wenzao, na kura hupigwa.

Mchujo ni hatua nyeti. Una nia njema ya kuzuia watovu wa nidhamu, lakini unaweza pia kumwondoa mwanafunzi kwa sababu tu anauliza maswali, au kwa sababu anaonekana hana sauti ya kutisha. Kisa cha mwanafunzi wa Tabora aliyeonekana mpole mno kinafaa kukumbukwa na kila kamati ya mchujo. Ni vyema vigezo vya mchujo vikaandikwa na kubandikwa kabla ya fomu kutolewa, na aliyeenguliwa akaelezwa sababu.

Baraza la shule, ambapo wanafunzi wote hukutana na uongozi na kutoa hoja zao, ni chombo kingine muhimu. Malalamiko kuhusu chakula, maji au adhabu yanaposikilizwa barazani na kupatiwa majibu, shule huepuka migomo. Yanapozimwa, huhamia mabwenini usiku.

Nani anasimamia na nani anagharamia

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ndiyo yenye dhamana ya sera na mitaala. Uendeshaji wa shule za sekondari za umma uko chini ya ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) kupitia halmashauri. Katika halmashauri, Afisa Elimu Sekondari na Afisa Michezo hufuatilia shughuli hizi. Shuleni, msimamizi mkuu ni Mkuu wa Shule, akisaidiwa na mwalimu wa michezo na walimu walezi wa klabu, huku Bodi ya Shule ikishauri na kupitisha mipango.

Kuhusu gharama, mwananchi anapaswa kufahamu mambo matatu. Kwanza, kuanzia Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za sekondari za umma kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Ada hiyo ilikuwa Sh. 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na Sh. 70,000 kwa shule za bweni. Baadaye, katika mwaka wa fedha 2022/2023, ada ya Kidato cha Tano na cha Sita nayo iliondolewa. Pili, shule hupokea ruzuku ya uendeshaji, ambayo inapaswa kutosha mahitaji mengi, hivyo mipira, nyavu na jezi hushindana na chaki, karatasi na ukarabati. Tatu, mzazi anabaki na wajibu wa kumpatia mtoto sare na mahitaji yake binafsi. Michango mingine ni ya hiari, inapaswa kupata ridhaa kwa utaratibu uliowekwa, na mwanafunzi hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

Mabadiliko ya karibuni yanaipa nafasi kubwa zaidi kazi hii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali. Michezo na sanaa zimepewa nafasi kama maeneo ya ujuzi yanayoweza kusomwa na kutahiniwa. Kwa maana hiyo, kijana mwenye kipaji cha muziki au riadha anaweza kukiendeleza kama fani.

Pengo kati ya bweni na kutwa

Suala linalohitaji kuzingatiwa zaidi na jamii ni usawa. Shule kongwe za bweni kama Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, ambazo huchukua wanafunzi wenye vipaji maalumu vya masomo, zina mabweni, viwanja na mila zilizokomaa kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa bweni akimaliza vipindi saa 9 alasiri ana muda hadi giza linapoingia.

Lakini wanafunzi wengi wa sekondari hawako katika shule hizo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule katika kata nchini kote na kuwafikia watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuota sekondari. Nyingi ni za kutwa. Mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kurudi nyumbani hawezi kubaki kwenye mazoezi hadi jioni. Msichana anayesubiriwa kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake ndiye wa kwanza kuacha klabu, na njia ya giza humweka katika hatari ambayo hakuna mzazi atakayeikubali.

Yapo mambo ambayo shule za kutwa zinaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti kubwa. Klabu na michezo zinaweza kuingizwa ndani ya saa za shule, kwa mfano alasiri moja ya katikati ya wiki iliyotengwa rasmi, badala ya kusukumwa baada ya kengele ya mwisho. Mechi zinaweza kupangwa kati ya shule za kata jirani ili kupunguza safari. Mdahalo hauhitaji uwanja wala jezi. Unahitaji chumba, saa na mwalimu anayekubali kusikia hoja tofauti. Ndiyo shughuli ya gharama ndogo kuliko zote, na kwa ushahidi wa Tabora, si yenye matunda madogo.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Wazazi na walezi wanashauriwa kuuliza mambo mahususi wanapohudhuria vikao vya shule: klabu zipi zipo na nani ni mlezi wake, ratiba ya michezo ya mwaka ikoje, viongozi wa wanafunzi hupatikanaje, na mwanafunzi anayekwenda mashindanoni hufidiwaje vipindi alivyokosa. Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuwapo shuleni, na pale yasipopatikana, Bodi ya Shule na Afisa Elimu Kata ndio wa kuanzia kuwaona.

Nyumbani, mzazi anaweza kumpunguzia mtoto kazi siku ya klabu, hasa mtoto wa kike, na kumsikiliza anapojiandaa kwa mdahalo, hata kama hoja anayoitetea haimpendezi mzazi. Kijana aliyezoea kupingwa kwa heshima mezani nyumbani hatatetereka akipingwa ukumbini.

Wahitimu wa shule za umma nao wana nafasi. Wengi hurudi siku ya mahafali kama wageni rasmi na kutoa ahadi ya madawati au kompyuta. Mchango mwingine usio na gharama kubwa ni muda: kuwa mwamuzi wa mdahalo, kocha wa mwisho wa wiki, au mtu wa kuwaelezea vijana kazi anayoifanya. Shule ya umma hujengwa kwa kodi za wananchi wote, na maisha yake ya nje ya darasa ni mali yao kama yalivyo majengo yake.